Yah: Kupinga Sosi ya Kuku Kupelekwa Hakodate na Mke Wangu Akiwa Ndani

Kwa Mwenyekiti Inadomi,
Umoja wa Wenye Maduka wa Mtaa Wetu,
Kurume.

Ndugu Mwenyekiti,

Kwanza salamu, na heshima yako iko palepale. Kama u mzima nashukuru. Kama goti bado linakusumbua, likande kwa maji ya moto na uache kumsikiliza daktari, maana mimi nakuzidi umri na bado napanda ngazi bila kushika popote.

Mimi ni Tokizo Nakaguma, fundi vigae mstaafu. Unanijua. Kama jina limekutoka, tazama juu: paa ulilolala chini yake jana ni kazi ya mikono hii. Halijavuja tangu niliezeke, na siandiki hivyo kukutisha. Shule niliiacha mapema kwa sababu baba alinihitaji juu ya mapaa, kwa hiyo ukikuta herufi imelala upande, isimamishe mwenyewe uendelee mbele. Maana yake utaipata tu. Watu waliosoma zaidi yangu nimewaezekea nyumba zao, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kigae nimekiweka kwa makosa ya sarufi.

Sina tabia ya kulalamika. Muulize yeyote. Nilikuja kwako juu ya kipaza sauti cha duka la mboga, nikaja tena juu ya paka, na ile ya taa ya barabarani haikuwa lalamiko, ulikuwa ushauri. Lakini hili la sasa limenikaa kooni, siwezi kulimeza wala kulitema.

Habari yenyewe ni hii. Pale kwa Jemadari, kile kiduka cha mishikaki ya kuku na tambi za supu, kati ya kinyozi na duka la vitambaa, wanataka kuigawa sosi.

Jina lake la kuzaliwa ni Yasuhei Murakado, lakini sisi wa kaunta tunamwita Jemadari, kama anavyoitwa kila mwanamume anayesimama nyuma ya jiko la mkaa na kutuamuru tuanze kula. Chungu cha sosi kiko mkono wake wa kulia. Mshikaki ukikaribia kuiva unazamishwa humo, unarudi motoni, unazamishwa tena, unakuja kwako. Sosi ikipungua anachemsha mpya na kuimimina juu ya ile ya zamani. Haimwagwi, haiishi, haibadilishwi. Chungu hicho alikianzisha marehemu baba yake, na tangu hapo hakijawahi kuona utupu.

Sasa kuna yule msaidizi wake, Chigusa. Nisimshushe: ni mwanamke mzima, fundi kamili wa mishikaki, amesimama kando ya moto ule miaka mingi mpaka nyusi zimekuwa nyepesi. Anarudi kwao Hakodate, kule kaskazini kabisa, akafungue duka lake mwenyewe. Na desturi unaijua. Fundi akiondoka kwa wema, mkubwa wake humpimia sosi kutoka chungu cha nyumbani, ili akaanzie maisha nayo. Desturi siipingi. Mimi mwenyewe wanafunzi wangu walipoondoka niliwapa nyundo. Nyundo, Ndugu Mwenyekiti. Sikumpa mtu mke wangu.

Maana humo chunguni yumo mke wangu.

Usiiweke barua chini. Nitaeleza.

Itsue, mke wangu, alikuwa akifanya kazi pale kila mchana, kabla duka halijafunguliwa, akitunga nyama kwenye vijiti. Mwaka ule mto ulipofurika na maji yakaingia mtaani kwetu, marehemu mzee Murakado alikikumbatia chungu chake akakimbilia ghorofani, mguu ukateleza kwenye ngazi. Chungu kilipona, lakini sosi ikaenda na mafuriko. Iliyobaki chini haikutosha kuzamisha hata firigisi. Mzee alikaa pale ngazini akalia kama aliyefiwa. Mimi nilikuwa juu ya paa lake nikivizuia vigae visikimbie, na nilimsikia kutoka huko juu, na mvua ile. Ndipo Itsue akaenda nyumbani, maji yakiwa magotini, akarudi na mtungi wake mwenyewe, ile sosi aliyokuwa akinipikia magimbi, ya soya na sukari na pombe ya mchele na samaki mkavu. Akaumimina wote. Mzee akachovya kidole, akaonja, akachovya tena, halafu akasema, "Mama Nakaguma, kumbe miaka yote hii ulikuwa unatuficha!"

Tangu siku hiyo kiduka kile kikapata jina. Watu wanasema siri ni mkaa. Si mkaa.

Itsue alifariki, mazishini ulikuja, na soksi zako hazikuwa jozi moja, sikusema kitu. Tangu hapo nyumbani kwangu hakuna anayejua kupika magimbi. Nimejaribu. Yanakuwa magumu nje na magumu ndani. Kwa hiyo kila jioni naenda kwa Jemadari, nakaa kiti cha mwisho karibu na chungu, naagiza mshikaki wa ngozi, wa maini, na kumalizia bakuli dogo la tambi. Na katika ule mshikaki wa kwanza nampata. Sisemi namwona, sijachanganyikiwa. Nasema nampata, hapa ulimini upande wa kushoto, anapita haraka kama mtu anayepita mlangoni na birika la chai. Halafu ameshapita, nami naagiza mwingine.

Basi sasa unaelewa uzito wa jambo. Malalamiko yangu ni haya.

LALAMIKO LA KWANZA. Sikuulizwa.

Jemadari alitangaza huku akipepea mkaa, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mawingu. "Jamani, Chigusa anatuacha mwezi ujao. Nitamgawia sosi." Kaunta nzima ikapiga makofi. Mwalimu Shigematsu, yule aliyekuwa akifundisha hesabu na sasa anatufundisha sisi bila kuombwa, akanyanyua glasi ya bia. Mimi nikauliza, "Utamgawia sosi ya nani?"

"Ya duka, Mzee," akasema Jemadari.

Nikasema, "Ya duka inaishia wapi, na ya mke wangu inaanzia wapi?"

Watu wakageukia glasi zao. Halafu Jemadari akasema, "Mzee, kula. Ngozi inapoa."

Huo, Ndugu Mwenyekiti, ndio ushirikishwaji nilioupata.

LALAMIKO LA PILI. Wanasema hayumo.

Anayesema ni huyo huyo Mwalimu. Alichovya kijiti kwenye bia yake akaanza kupiga hesabu juu ya mbao za kaunta. "Bwana Nakaguma," akasema, "usinikasirikie, mimi natazama namba tu. Ukichota kidogo kila siku, ukaongeza kidogo kila siku, kwa miaka yote hii, ile ya mama haijabaki hata tone."

Nikamwambia, "Mwalimu, kijijini kwetu hakuna hata mtu mmoja aliyekuwepo siku niliyozaliwa. Wote wamekufa, wamezaliwa wengine. Kwa hesabu zako, kijiji hakipo?"

"Kijiji kipo."

"Basi na Itsue yupo."

"Hiyo si hesabu, Bwana Nakaguma."

"Ndiyo maana paa lako linaezekwa na watu wengine."

Wote wakacheka, naye akacheka, akafuta namba zake kwa mkono wa shati. Hoja ikafungwa. Naomba Umoja uandike kwamba ilifungwa na mimi.

LALAMIKO LA TATU. Wanakoroga.

Kwa kuwa tumeshakubaliana yumo, swali ni wapi. Itsue alikuwa mtu wa kutulia. Akiingia chumbani anatafuta kona. Kwa hiyo yuko chini. Kama wangechota juujuu, taratibu, kama unavyoondoa majani kwenye mfereji wa paa, ningenung'unika kidogo tu nikaacha. Lakini nimemwona Jemadari kwa macho yangu haya mawili: kabla ya kuchota, anakoroga! Anaupeleka upawa mpaka chini na kuuzungusha. Mtu ametulia zake miaka chungu nzima, wewe unamzungusha, halafu unamkata katikati kwa upawa, nusu Kurume na nusu Hakodate. Hata talaka haifanywi hivyo. Kwenye talaka angalau mtu mmoja anabaki mzima.

LALAMIKO LA NNE. Hakodate yenyewe.

Sina ugomvi na watu wa Hakodate. Sijawahi kufika, na mapaa yao nasikia ni ya bati, Mungu awasaidie. Lakini kule kuna theluji ya kufukia mlango, na Itsue alikuwa mtu wa Kurume, wa joto na jasho na feni. Hilo moja. La pili ni baya zaidi. Nilimwuliza Chigusa, kwa upole kabisa, huko atachoma nini.

"Kuku, Babu, kama hapa. Na ngisi, maana kwetu usipokuwa na ngisi watu wanadhani umefilisika."

"Ngisi utamchoma na chumvi?"

"Na sosi pia, Babu."

Nikaweka kijiti changu chini. Mke wangu ni mtu wa kuku. Hajawahi kuishi na ngisi. Nyumbani kwangu sikuruhusu ngisi, kwa ajili ya harufu, na kwa sababu hata akiwa ameshakufa anakutazama. Na leo hii, baada ya maisha ya heshima, Itsue azamishiwe ngisi kichwani jioni hadi jioni, katika mji ambao hajui mtu? Kama si dharau, tuiite nini?

LALAMIKO LA TANO. Nilishawishiwa.

Jemadari alinivuta pembeni, pale kwenye ndoo za tambi, akaniambia, "Mzee, nimekuelewa. Basi nikujazie chupa na wewe, uiweke nyumbani. Utakuwa naye saa zote."

Alisema kwa moyo mzuri, sikatai. Lakini alikuwa akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe ya sosi. Nikamwuliza, nyumbani nani atazamisha kuku humo? Sosi isiyozamishwa kitu inakufa. Wewe unajua, baba yako alikufundisha. Itsue alizoea watu, kelele, moshi, mlevi anayeimba, mwalimu anayekosea. Unataka nimchukue nikamfungie kwenye kabati la jikoni, kimya, na mimi nimekaa upande wa pili wa mlango? Mimi nalijua jiko lile. Simweki mtu humo.

Akasema, "Basi chukua supu ya tambi." Nikamwambia ile supu ya mifupa ni nzuri, haijawahi kuisha tangu zama za baba yake nayo, lakini humo sina ndugu.

LALAMIKO LA SITA, ambalo lilipaswa kuwa la kwanza ila karatasi ilishajaa. Serikali haishirikiani.

Mimi ni mtu wa sheria. Raia yeyote anayehama mji lazima aende ofisi ya mji aandikishe kuhama. Nikajiambia, kama Itsue anahamishwa, wakamwandikishe kwanza, na kwa kuwa hawezi kuandikishwa, basi hawezi kuhama. Niliona hoja hiyo imekaa kama kigae cha juu kabisa. Nikavaa koti, nikachukua namba, nikasubiri.

Dada wa dirishani alikuwa na adabu. "Karibu, Babu. Anayehama ni nani?"

"Mke wangu."

"Uko naye hapa?"

"Yuko kwenye chungu."

Akaweka kalamu chini. "Pole sana, Babu. Mnahamisha majivu?"

"Hapana. Majivu yako kaburini hekaluni, yametulia. Nasema sosi."

Akaita mkubwa wake. Mkubwa wake akaja, akasikiliza yote, mafuriko, magimbi, ngisi, akauliza kama nina mtoto ambaye angeweza kumpigia simu. Nikamwambia ninaye mmoja Osaka na hapokei. Wakanipa chai. Chai ilikuwa nzuri. Lakini cheti cha kuzuia sosi kuhama hawakunipa, wanasema hakipo. Hakipo! Katika nchi yenye cheti cha kuegesha baiskeli!

LALAMIKO LA SABA si lalamiko, ni ushahidi. Nimemwuliza Itsue mwenyewe.

Nilikaa mbele ya madhabahu ya nyumbani, nikawasha udi, nikagonga kengele, nikamwuliza: unataka kwenda Hakodate au hutaki? Moshi ukaelekea kaskazini. Nikajua ni upepo, nikafunga dirisha, nikauliza tena. Ukaelekea kaskazini. Hapo nikakumbuka kwamba katika nyumba hii mimi niliezeka paa tu, kuta zilijengwa na mtu mwingine, na kuta za mtu mwingine huvuja hewa. Nikapepea kidogo kwa gazeti. Moshi ukaja kusini vizuri kabisa. Kwa hiyo jibu la marehemu, baada ya kuondoa kasoro za ujenzi, ni kwamba hataki.

Sasa, kwa kuwa wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, naomba Umoja wa Wenye Maduka uzibe ufa huu kwa hatua zifuatazo. Nimezipanga kuanzia nyepesi.

(a) Sosi isigawiwe. Kama Chigusa anataka zawadi, mimi nitampa nyundo. Ninayo moja nzuri.

(b) Kama lazima igawiwe, basi wenye hamu ya kuila huko Hakodate wapande treni waje huku. Mji mzima ukitaka. Kaunta ina viti tisa, watapokezana.

(c) Kama hawataki kuja, Chigusa asiondoke. Aolewe hapa mtaani. Nimeshamtafutia: kinyozi. Ni mjane, mpole, ana nywele zake mwenyewe bado, na paa zuri. Nilipompelekea Chigusa wazo hili alicheka mpaka akaangusha mishikaki ya mioyo motoni, na Jemadari akanizuia kuagiza mpaka nitakapotulia. Kinyozi hajaambiwa. Naona ni vizuri aambiwe na Mwenyekiti.

(d) Kama hata hilo limeshindikana, chungu kiandikishwe kuwa mwanachama wa Umoja, kilipiwe ada kama duka lingine lolote, na mwanachama asitolewe nje ya mtaa bila kura ya wanachama wote. Chungu nacho kipige kura. Nitakisaidia kunyanyua mkono.

(e) Kama kura itashindwa, nitapanda juu ya paa la kiduka na kukaa huko mpaka nieleweke. Paa hilo nalijua. Kuna mahali pazuri pa kukaa, jua halikupigi, na moshi wa mishikaki unapanda moja kwa moja. Naweza kudumu.

Sitaki uone kwamba namchukia Chigusa. Binti yule aliingia mtaani akiwa hajui hata kuchagua mkaa. Itsue ndiye aliyemkalisha kwenye kigoda pale nyuma na kumfundisha kijiti kinapita wapi ili nyama isizunguke. "Usiichome kama unagombana nayo," alikuwa akimwambia, "iambie kwanza." Walikuwa wakikaa pale mchana kutwa, wakitunga na kucheka, na nikipita kuchungulia wananyamaza wote wawili, halafu nikiondoka wanacheka tena. Sikuwahi kujua wanacheka nini. Nadhani walikuwa wakisifu kazi zangu.

Lakini haki ni haki. Mtu hawezi kumpoteza mke mmoja mara mbili. Mara ya kwanza sikuwa na wa kumwandikia barua. Mara hii ninaye, na ni wewe.

Naamini utalichukua jambo hili kwa uzito wake na kunijibu kabla ya mwezi kwisha. Ukinijibu kwa herufi kubwa nitasoma mwenyewe. Ukinijibu kwa herufi ndogo nitampelekea Mwalimu anisomee, naye ataongeza yake, kwa hiyo tafadhali kubwa.

Nisalimie mama watoto, na mama yako mzazi, mwambie ule mfereji nitakuja kuuzibua nikipata nafasi. Wasalimie wa duka la vitambaa wote, na kinyozi, lakini yeye msalimie kwa namna ambayo haitamshtua. Wa duka la mboga wasalimie kwa sauti ya chini ili wajifunze. Na paka, sina kinyongo naye tena.

Ni mimi, wa juu ya mapaa,
Tokizo Nakaguma,
fundi vigae.

NYONGEZA. Ndugu Mwenyekiti, barua ilikuwa imeshakunjwa, nimeifungua tena. Yaliyo juu usiyafanyie kazi. Kuna jambo jipya na ni la aibu, na mwenye aibu ni Jemadari.

Mchana huu Chigusa amekuja nyumbani. Amekaa, amekataa chai, ameitazama picha ya Itsue kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Babu, nimemwambia Jemadari sichukui sosi. Nitachemsha mpya, nianze na chungu kitupu. Usikasirike tena."

Nikasema vizuri. Nimeshinda, nikajiambia. Nikasubiri raha ya kushinda, haikuja.

Akasema, "Chungu kitupu hakinitishi, Babu. Kitu kinachonitisha ni kufungua mlango ile jioni ya kwanza, nigeuke, na humo ndani hakuna hata mmoja ninayemjua." Akawa anachezea ncha ya shati lake. Mwanamke mzima, aliyekula moshi miaka yote ile.

Hapo nikamkasirikia kweli. Nikamwambia, wewe! Mchana kutwa mlikuwa mmekaa pamoja pale nyuma mkicheka, alikufundisha kila kitu, na leo unataka kwenda kwenye mji wa watu peke yako, na yeye unamwacha hapa na mwalimu wa hesabu? Ndivyo mnavyofundishwa huko kwenu? Unadhani angekubali? Angekufuata hata kwa miguu! Akaanza kulia, nami nikaendelea kumgombeza mpaka akaacha.

Sasa sikiliza unyama wenyewe. Nilipomwuliza Jemadari alikuwa amepanga kumpimia kiasi gani, akanionyesha kichupa. Kichupa, Ndugu Mwenyekiti! Cha kutia siki! Itsue hatoshi humo. Hata kiganja chake hakitoshi. Kwa hiyo naomba Umoja umwamuru Jemadari, kwa maandishi, atoe nusu nzima ya chungu, wala asichote juujuu kama mwizi. Akoroge. Apeleke upawa mpaka chini kabisa na akoroge kwa nguvu, ili pasibaki mtu upande mmoja tu. Na kama huko wanataka kumpa ngisi, wampe. Chigusa ameniambia kwamba mama yake alikuwa akiwatumia ngisi mkavu, na Itsue alikuwa akimtafuna kila mchana pale nyuma, na mimi nikichungulia anamficha chini ya aproni. Kumbe ndicho walichokuwa wakicheka. Sina la kusema hapo. Nimesema tu.

Mtungi nitaubeba mimi. Chigusa ana mizigo yake, na Jemadari hawezi kufunga duka. Nitakaa na Chigusa hiyo jioni ya kwanza, nikae kiti cha mwisho na kulalamika kwa sauti, ili wapita njia wajue humo ndani kuna mteja wa zamani. Halafu nitarudi, kwa sababu nusu iko hapa.

Jambo moja tu wamenieleza leo ambalo hawakuwahi kunieleza. Eti kabla ya kufika Hakodate, treni inapita chini ya bahari. Chini yake, samaki wakiwa juu. Mimi maisha yangu yote nimekuwa juu ya vitu. Nimemwuliza Mwalimu kama ni kweli, akasema ni kweli, akanitajia na kina chake, nikamwambia hilo sikuuliza. Lakini nimeshakata shauri. Mtungi nitauweka mapajani, nitaushika kwa mikono miwili na kuuongelesha mpaka tutokee upande wa pili, na abiria wakishangaa washangae. Itsue hajawahi kupita mahali kama hapo na anaweza kuogopa. Ni yeye atakayeogopa. Mimi siogopi.